Maji ndani ya gari: jua yanaingilia wapi kabla hujanunua silikoni

Masika yakianza, malalamiko huwa yale yale. Kapeti la upande wa abiria linachuruzika ukilikanyaga. Buti lina dimbwi chini ya tairi la akiba. Asubuhi vioo vimejaa ukungu, na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni siku tatu. Wengine hulalamika kiangazi: mvua haijaonekana mwezi mzima, na bado kapeti limelowa chepechepe.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuanza na tyubu ya silikoni. Maji yakiingilia juu hushuka ndani ya nguzo za bodi zinazobeba paa, hufuata waya, hupita chini ya kapeti na kutulia penye bonde. Unapoyaona sipo yalipoingilia. Silikoni ikipakwa pasipohusika haizuii kitu, na mara nyingine huziba tundu lililowekwa makusudi ili maji yatoke. Hapo tatizo dogo huwa kubwa.

Pande zinazotajwa hapa ni za gari la usukani wa kulia, kama mengi yanayotembea Tanzania, Kenya na Uganda: dereva kulia, abiria kushoto. Kwa usukani wa kushoto, geuza pande unaposoma habari za AC na hita.

Kwanza, ni maji gani?

Bonyeza tishu nyeupe kwenye kapeti, iangalie kwenye mwanga, kisha inuse.

Maji safi yasiyo na harufu, yanayoongezeka siku za jua ukitumia AC, ni maji ya AC yenyewe. Maji yenye vumbi au vipande vya majani, yanayokuja baada ya mvua au baada ya kuosha gari, yametoka nje. Yenye rangi ya waridi, nyekundu, kijani au buluu, yanayoteleza kati ya vidole na kunukia utamu, ni kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini; hita ya ndani ya dashibodi, ambayo maji hayo hupita ndani yake, inavuja. Usiyaonje, na usimwache mtoto au mbwa karibu nayo, kwa sababu kulanti ni sumu na utamu wake huvutia. Maji yenye povu na harufu ya sabuni ni ya kuoshea kioo.

Kuna mtego mmoja. Magari mengi ya kwetu yamejazwa maji ya bomba kwenye rejeta, hayana kulanti. Hita ya gari kama hilo ikivuja hutaona rangi wala kunusa utamu. Pengine utaona kutu tu. Njia ya kujua ni kuweka alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba ya rejeta injini ikiwa imepoa, na kuangalia tena baada ya siku 3. Kiwango kikishuka na chini ya injini hakuna tone, maji yanaenda ndani.

Kama kwenye tishu kuna mafuta mepesi ya njano karibu na pedali, hilo si suala la maji kabisa. Ni mafuta ya breki au ya klachi. Usiendeshe gari hilo. Mwite fundi alifuate lilipo.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha hakuna dumu lililomwagika wala ndoo ya samaki iliyosafiri kwenye kiti cha nyuma. Watu wamefungua dashibodi nzima kwa sababu ya barafu ya samaki.

Kipimo cha mpira wa maji

Kipimo hiki kitatajwa mara nyingi huko mbele, kwa hiyo kielewe vizuri. Mnahitaji watu wawili, mpira wa kawaida wa bustani, tochi, taulo na poda ya watoto.

Toa mati za raba. Ng'oa plastiki za vizingiti vya milango. Nyingi zimeshikwa na klipu, huvutwa kwenda juu kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Inua ukingo wa kapeti, kausha chuma kilicho chini, kisha paka poda kwenye mishono na kuzunguka raba unazozishuku. Maji yakipita yataacha mfereji kwenye poda, na mfereji huo ndio ushahidi wako.

Mmoja akae ndani na tochi, milango yote imefungwa. Wa nje amwage maji bila kubana mdomo wa mpira, akianzia chini akipanda juu: vizingiti, kisha sehemu ya chini ya mlango, kisha vioo, na paa mwisho kabisa. Kila sehemu ipewe dakika 5 hadi 10 kabla ya kuhamia nyingine. Ukianzia paani, maji yatatiririka juu ya kila kitu na hutajua ni wapi palipoyaruhusu. Mashine ya presha ya pale car wash haifai kwa kipimo hiki. Nguvu yake hupenyeza maji hata kwenye raba nzima, ukaishia kubadilisha kisicho kibovu.

Penye mshono mwembamba ambao mpira hauonyeshi kitu, tumia povu. Funga vioo na milango, weka feni ya AC kwenye kasi ya mwisho huku ikivuta hewa ya nje, kisha upake maji ya sabuni nje kwa brashi. Hewa itatafuta upenyo na kutoa mapovu. Usishangae ukisikia hewa ikitoka nyuma ya bampa la nyuma. Pale kuna matundu ya kutolea hewa, yamewekwa na mtengenezaji.

Dalili ya 1: kapeti la mbele, upande wa abiria

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na chanzo chake cha kwanza ni bomba la kutolea maji ya AC kuziba.

Ivapireta, sehemu ya AC inayopoza hewa ndani ya dashibodi, ni baridi, na mvuke wa hewani ukiigusa hugeuka maji. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, maji hayo ni mengi na hutoka mfululizo. Yote yanategemea kijibomba chembamba cha raba kinachotokeza kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria. Vumbi likichanganyika na majani, nywele na ukungu, hapo huziba. Maji yakikosa pa kutokea hujaa kwenye sinia lake na kumwagika kwenye kapeti. Ukipinda kona ukasikia kitu kinachezacheza ndani ya dashibodi kama maji ndani ya dumu, umeshapata jibu.

Kuhakikisha ni rahisi. Egesha gari pasipo na mteremko, washa AC kwenye baridi ya mwisho kwa dakika 15 hadi 20, kisha chungulia chini ya gari. Pwani, gari lisilodondosha tone wakati kapeti limelowa lina bomba lililoziba. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi hewa ni kavu na matone huwa machache, kwa hiyo usitoe hukumu haraka.

Kulizibua:

1. Inua gari kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Acha injini na bomba la moshi vipoe.
2. Tafuta kijibomba cha raba upande wa abiria, nyuma ya injini, karibu na gia boksi. Usikichanganye na mipira miwili minene ya hita.
3. Minyaminya ncha yake kwa vidole. Mara nyingi tope linalegea lenyewe hapo.
4. Ikishindikana, ingiza uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, unene wa milimita 2, sentimita 10 hadi 15 tu, ukiuzungusha polepole. Kaa pembeni, maji yanaweza kushuka kwa kishindo, na si masafi.
5. Washa AC tena na uhakikishe matone yanatoka kwa mfululizo.

Usitumie spoku ya baiskeli wala waya mgumu. Ivapireta ni ya alumini nyembamba. Ukiitoboa, gesi yote inatoka na dashibodi lazima ishuke. Upepo wa kompresa nao si rafiki hapa. Presha kubwa huchomoa bomba kwa ndani au kurushia tope kwenye ivapireta.

Ukikuta tundu halina kijibomba kabisa, uliza kama injini au gia boksi ilishushwa karibuni. Kijibomba huchomoka wakati wa kazi hiyo na kuachwa chini ya gereji. Bila hicho, maji hutambaa kwenye ukuta wa chuma na kurudi ndani chini ya kapeti. Kipya ni cha bei ndogo, na hata kipande cha mpira wa kipenyo hicho hicho kinatosha.

Angalia pia filta ya AC, ambayo kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kidroo cha dashibodi. Ikijaa vumbi, au gesi ikipungua, ivapireta huganda barafu, na barafu hiyo ikiyeyuka ghafla huzidi uwezo wa bomba lililo zima. Lakini kama matone ya nje yanatoka vizuri na kapeti bado linalowa siku za AC, sinia limepasuka au sponji ya maungio imeoza. Hapo dashibodi inashuka na gesi inatolewa kwa mashine yake. Hiyo ni kazi ya fundi AC mwenye vifaa, si ya mtu wa kufungua nati na kuiachia gesi hewani.

Chanzo cha pili huja na mvua: majani chini ya kioo cha mbele. Chini ya ile plastiki ambako vaipa zinaanzia kuna mfereji mpana unaopokea maji yote ya kioo na kuyatoa pembeni, nyuma ya fenda. Ukiegesha chini ya mkrismasi au mwarobaini, vijani vyake vidogo hupita kwenye vitundu vya plastiki na kuoza huko chini kama mbolea. Mfereji ukijaa, maji hupanda hadi kwenye mlango wa hewa ya AC na kumiminika ndani kupitia feni. Ukiona filta ya AC imelowa, au feni imeanza kupiga kelele baada ya mvua, anzia hapa.

Mimina lita 1 ya maji kila upande wa mfereji. Yanapaswa kutokea karibu na gurudumu la mbele ndani ya sekunde chache. Yakisimama, ng'oa mikono ya vaipa (nati mara nyingi ni namba 14, weka solotepu kwenye kioo kuonyesha mikono ilipokaa), toa klipu za plastiki, na uchote majani kwa mkono. Usiyasukume kwa maji. Yataenda kuziba chini zaidi, mahali ambapo mkono haufiki. Wakati wa kurudisha, hakikisha raba ya ukingo wa plastiki imekaa kwenye kioo bila kuacha mwanya.

Vyanzo vingine vya upande huu ni nailoni ya mlango (tazama dalili ya 3), hita (dalili ya 6), na mwisho kabisa kioo chenyewe.

Dalili ya 2: kapeti la dereva

Anza na kazi za umeme zilizofanywa baada ya gari kununuliwa. Fundi wa alamu, traka, spotilaiti au kidhibiti mwendo hutafuta njia ya kupitisha waya, akatoboa raba iliyopo kwenye ukuta wa injini na kuiacha wazi. Maji hufuata waya huo mpaka kwenye pedali. Laza tochi chini ya usukani, mwenzako amwage maji upande wa boneti. Dawa ni raba mpya ya ukubwa wa tundu, na waya uliofungwa ili upande wa nje ushuke chini ya tundu kwanza kabla ya kupanda kuingia. Maji hudondokea penye bonde la waya badala ya kuufuata ndani.

Kisha kioo cha mbele, hasa kilichowahi kubadilishwa. Gundi sahihi ni poliyurethani, na hushika tu kwenye chuma safi kilichopakwa praima. Gundi ikiwekwa juu ya kutu au vumbi, huachia kona moja, kwa kawaida ya juu, na maji hushuka kwenye nguzo hadi kwenye kapeti. Kupaka silikoni kwa nje hakusaidii kwa muda mrefu na humtesa fundi atakayekuja baadaye, maana gundi mpya haishiki penye silikoni. Kioo kinachovuja mwachie fundi vioo. Kioo hicho ni sehemu ya uimara wa bodi, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa (airbag) wa abiria hukiegemea unapofunguka. Muulize saa ngapi gundi yake inahitaji kabla ya kuendesha, na usizipunguze.

Dalili ya 3: kapeti la nyuma, au maji yanayoanzia mlangoni

Wengi hawajui kwamba maji huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, na hilo ni sawa. Hupita kwenye mwanya wa kioo, hushuka ndani ya mlango na kutoka kwa vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasije kwako ni nailoni iliyobandikwa kwenye chuma nyuma ya ngozi ya mlango, yaani bamba la ndani unaloliona ukikaa. Nailoni hiyo ndiyo mshukiwa mkuu, na kinachoiharibu ni ukarabati: mota ya kioo ikibadilishwa, spika zikiwekwa, au kufuli za umeme zikifungwa, nailoni hukatwa na hairudishwi.

Piga magoti kwanza uangalie vitundu vya chini ya mlango, viwili au vitatu. Vizibue kwa kijiti. Ukisikia maji yakichezacheza ndani ya mlango unapoufungua, vimeziba, na chuma kinaoza kwa ndani.

Vikiwa wazi na bado maji yanaingia, fungua ngozi ya mlango. Skrubu hujificha nyuma ya kishikio na chini ya pa kuegemeza mkono. Kilichobaki ni klipu. Futa gundi ya zamani, kisha bandika nailoni nzito ya kipande kimoja kwa utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ulimbo. Zungusha utepe bila kuacha pengo. Ukingo wa chini wa nailoni lazima uingie ndani ya mlango, usitokeze nje ya chuma, ili maji yanayotiririka juu yake yarudi kwenye vitundu. Watu huipuuza hatua hii moja na kufungua mlango ule ule mara tatu. Silikoni yenye harufu ya siki usiiweke hapa. Haishiki vizuri kwenye nailoni na hula chuma.

Raba ya mlango huja baada ya hapo. Fungia mlango karatasi, kisha ivute: ikitoka bila kukaza, raba imelala au mlango umeshuka kwenye bawaba. Fanya hivyo kila sentimita 20. Mlango ulioshuka hurekebishwa na fundi bodi. Raba mpya haitausaidia.

Kama kapeti hulowa tu baada ya kupita madimbwi, tafuta raba za sakafuni. Chini ya kapeti kuna matundu yanayozibwa kwa raba za duara, na hupotea wakati wa kuchomelea au kupiga dawa ya kutu. Kwenye Noah, Alphard na nyinginezo zenye AC ya nyuma, kumbuka kwamba AC hiyo ina bomba lake la maji, nalo huziba kama la mbele.

Na usisahau mteremko. Gari likilala pua juu, maji ya mbele yote hukutwa nyuma asubuhi.

Dalili ya 4: dimbwi kwenye buti

Toa tairi la akiba, kausha shimo lake, kisha kunja viti vya nyuma na umweke mtu mzima ndani na tochi. Asifungiwe kwenye buti lisilo na njia ya kutokea ndani, na kwa mtoto hata msijaribu.

Taa za nyuma ndizo za kwanza kushukiwa. Kati ya taa na bodi kuna sponji inayokauka na kulala. Fungua nati zake (nyingi ni namba 10), toa taa, safisha pande zote mbili, weka sponji mpya au utepe wa butili kuzunguka, kisha kaza kwa mkono mpaka ikae. Ukikaza kwa nguvu plastiki itapasuka, na taa mpya si ya bei ya sponji.

Kwenye IST, Vitz, Fit na magari mengine yenye vaipa ya nyuma, jaribu kitu kimoja kabla ya kufungua chochote: bonyeza maji ya kuoshea kioo cha nyuma. Maji yakitoka dhaifu au yasitoke, mpira wake umekatika au kuchomoka ndani ya dari au penye bawaba za mlango wa nyuma, na kila ukibonyeza unajimwagia mwenyewe. Mpira mpya na kiungio cha plastiki vinatosha.

Vingine, kwa mpangilio wa kukutwa: taa ya breki ya juu, raba ya buti, matundu ya hewa nyuma ya bampa ambayo vifuniko vyake vimepinda, na mishono ya paa chini ya zile raba ndefu nyembamba, ambako dawa ya mishono imepasuka kwa jua. Gari lililowahi kugongwa nyuma likanyooshwa lina sababu yake yenyewe: mishono iliyochomelewa bila kupakwa dawa. Hiyo ni kazi ya fundi bodi.

Kutoa kizibo cha chini ya shimo la tairi ili maji yamwagike ni sawa kwa siku moja. Kukiacha wazi ni kukaribisha vumbi, moshi na maji ya barabarani.

Simama hapa kama gari ni haibridi, yaani linatumia petroli pamoja na betri kubwa. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na ya Prius nyingi iko nyuma ya kiti hicho, pale pale maji ya buti yanapofika. Ni volti 144 kwa Aqua za toleo la kwanza na takriban 200 kwa Prius nyingi. Ukikuta maji karibu na betri hiyo au nyaya za rangi ya chungwa, usiguse, usikaushe mwenyewe, usiwashe gari. Mwite fundi wa haibridi.

Dalili ya 5: dari ina madoa, au tone linadondoka kichwani

Gari likiwa na dirisha la paani, hilo ndilo. Raba ya dirisha hilo haikuundwa kuzuia maji yote. Chini yake kuna mfereji, na kwenye kona zake kuna mipira inayoshuka ndani ya nguzo, ya mbele ikitokea karibu na bawaba za milango, ya nyuma nyuma ya bampa. Fungua dirisha, mimina robo lita kwenye kila kona polepole. Maji yasipotokea chini ndani ya sekunde chache, zibua kwa uzi wa nailoni kama wa AC, kwa upole. Presha ya kompresa huachanisha mpira na kiungio chake juu ya dari, na hapo dari yote inashuka.

Usifungue plastiki za nguzo kama zina maandishi ya mfuko wa hewa. Mpira wa maji na mfuko hupita njia moja.

Gari lisilo na dirisha la paani: angalia kitako cha antena, boliti za reli za paa, na karia iliyofungwa mtaani. Fungua, safisha, weka butili au raba mpya, kaza.

Dalili ya 6: ukungu na harufu, lakini huoni maji

Ukungu wenye utelezi kwa ndani ya kioo, ambao kitambaa huusambaza badala ya kuuondoa, ni mvuke wa kulanti. Hita inavuja. Tazama kiwango cha rejeta injini ikiwa baridi; kufungua mfuniko wa rejeta ya moto kumeunguza nyuso za wengi. Gejo ya joto ikipanda, zima gari.

Unaweza kuthibitisha kwa kumwambia fundi aunganishe mipira miwili ya hita pamoja upande wa injini, maji yasipite ndani. Uvujaji ukikoma, hita ndiyo mbovu. Pwani wengi huliacha gari hivyo hivyo miaka na hawakosi kitu. Mbeya, Njombe au Limuru utaikosa hita asubuhi ya baridi, kwa hiyo ibadilishe. Unga wa kuziba rejeta usiutie; huziba pia njia ambazo hazivuji.

Ukungu wa kawaida, mkavu, mara nyingi ni kapeti lililokauka juu na kuloa chini. Chini ya kapeti kuna godoro la sponji linaloweza kushika lita kadhaa bila kuonekana. Ingiza mkono kupitia kizingiti, usitegemee kugusa juu.

Lini usimame mara moja

Taa ya mfuko wa hewa imewaka, milango inajifunga na kujifungua, vioo vinashuka vyenyewe, fyuzi ile ile inaungua kila ukiibadilisha: maji yamefika kwenye soketi au kompyuta ya gari. Chomoa waya hasi wa betri na umwite fundi umeme wa magari. Fyuzi kubwa zaidi si dawa. Ni moto unaosubiri.

Gari lililosimama kwenye mafuriko hadi maji yakavuka vizingiti, usiwashe hata swichi. Livutwe. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, kwa sababu chumvi hula pini za soketi hata baada ya kukauka.

Kukausha na kuhakiki

Usikaushe kabla ya kuziba. Ukishaziba, viti lazima vitoke ili kapeti linyanyuke. Boliti zake kwa kawaida ni 4 kwa kiti cha mbele. Chini ya kiti kuna soketi za mfuko wa hewa, mara nyingi za njano: toa betri, subiri angalau dakika 10, ndipo uchomoe. Usiwashe swichi kabla ya kuzirudisha, la sivyo taa ya mfuko wa hewa itawaka na kukataa kuzima bila mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Nyonya maji kwa vakyumu ya maji, toa godoro la sponji ulianike juani siku 2 au 3 ukiligeuza. Godoro lililooza harufu haitoki, litupe. Kwangua kutu kwenye sakafu, paka praima na rangi. Soketi zenye ukungu wa kijani zipulizie dawa ya kusafishia umeme, zikauke kabisa kabla ya kuunganishwa.

Plastiki za vizingiti usizifunge bado. Tandika gazeti kavu chini ya kapeti kila kona, endesha kwa wiki moja ukitumia AC, na usubiri mvua mbili za maana. Gazeti likiwa na duara la maji, andika kona ipi na siku ipi, kisha rudia kipimo cha mpira kuanzia kona hiyo.